Shanta Jipya Lizoee Mgongo Kabla ya Safari



Kila mwaka msimu wa uwindaji hufunguliwa tarehe 1 Julai. Baadhi ya vijana wa Manyoni, Itigi, Bahi na kwingineko katika kanda yetu ya kati huenda kutafuta kazi za muda kwenye kambi za uwindaji, katika mapori ya akiba ya Rungwa, Kizigo na Muhesi. Wengine hufuata nyayo za wanyama, wengine huchuna ngozi, wengine hubeba maji, chakula na nyama. Ni kazi halali, nayo husaidia nyumba nyingi mwaka ambao mtama umekuwa haba. Leo tunapenda kuzungumza juu ya kitu ambacho watu hukidharau, yaani begi la mgongoni, au shanta.

Mwaka mmoja, mwezi Agosti, mama mmoja alimleta kwetu mwanawe wa miaka 22. "Sista," alisema, "mwanangu amerogwa huko porini. Mkono wa kulia umekufa." Kijana mwenyewe alikuwa amekwisha kuchanjwa chale begani. Tulimwambia asukume ukuta kwa viganja vyote viwili. Mara mfupa bapa wa bega la kulia ukachomoza nyuma kama bawa la kuku. Kuinua mkono hadi kichwani hakuweza.

Tulipomwuliza vizuri, mambo yalijitokeza. Alinunua shanta jipya mnadani siku mbili kabla ya kuondoka. Mkanda wa kiunoni aliukata kwa kisu, akisema unaning'inia bure. Siku ya kwanza akatiwa mzigo wa kilo 25, akatembea tangu alfajiri hadi jioni. Siku ya tatu mkono ukaingia ganzi. Akameza vidonge vya kutuliza maumivu, akaendelea kubeba kwa siku tano zaidi ili asionekane mlegevu.

Daktari alieleza kwamba mikanda ya begi ilikuwa imebana mishipa ya fahamu inayopita kati ya shingo na bega kwenda mkononi. Askari wanaobeba mashanta mazito wakati wa mafunzo hupatwa na jambo hilo hilo. Kwa kawaida mishipa hupona mzigo ukiachwa, lakini huchukua majuma au miezi. Kijana wetu alipoteza ujira wa msimu mzima. Mvua zilipoanza mwezi Desemba alikuwa bado hawezi kushika jembe barabara, na mama yake alilima peke yake.

MAMA ZETU WANAJUA

Mtu aweza kusema, "Mbona mke wangu hubeba ndoo ya lita 20 kila siku?" Kweli, ndoo hiyo ina kilo 20, nasi hatusifu mzigo huo, maana akina mama wengi huja kwetu na shingo zinazouma. Lakini tutazame alivyofundishwa. Alipokuwa mdogo alipewa kibuyu, baadaye kidumu cha lita 3, halafu cha lita 5. Hakuna mzazi anayemtwika mtoto ndoo iliyojaa siku ya kwanza. Shingo, mgongo na miguu hujengeka polepole.

Hata wapagazi wa zamani walilijua jambo hili. Karne ya 19 misafara kati ya pwani na Tabora ilipita hapa Ugogo, na mpagazi alibeba yapata frasila 2, yaani kilo 32 hivi. Pamoja na ukakamavu wao, siku ya kwanza walikwenda mwendo mfupi tu, ili mizigo irekebishwe na kilichosahaulika kifuatwe. Nasi tujifunze kwao.

JINSI YA KUJIZOEZA

Anza majuma manne kabla ya safari.

Kwanza, lirekebishe shanta likiwa na mzigo ndani. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga na ukazwe kwanza, maana nyonga ndizo zinazopaswa kubeba sehemu kubwa ya uzito. Kisha kaza mikanda ya mabegani mpaka shanta liguse mgongo bila kuning'inia matakoni. Kama halina mkanda wa kiunoni, fundi cherehani aweza kushona mmoja mpana wa turubai. Mikanda ya mabegani ikiwa myembamba, ishonewe kipande cha blanketi kuukuu.

Pili, vitu vizito vikae karibu na mgongo, katikati. Visikae chini kabisa wala upande mmoja.

Tatu, juma la kwanza tia kilo 5 za mahindi, utembee nusu saa kila baada ya siku moja. Juma la pili tia kilo 5 zile zile, utembee saa moja. Juma la tatu ongeza hadi kilo 8, na la nne hadi kilo 12. Usiongeze uzito na mwendo kwa pamoja. Kwa mtu wa kilo 60 anayeanza, kilo 12 zinatosha. Hata kule Mlima Kilimanjaro, mzigo wa mpagazi umewekewa kikomo cha kilo 20, nao ni watu waliozoea.

Nne, vaa viatu vile vile utakavyovaa porini. Ukirudi nyumbani vua shati, mwenzako akutazame mabega na kiuno. Penye wekundu au mchubuko, rekebisha mkanda. Lengelenge usilipasue. Likipasuka lenyewe, lioshe kwa maji safi na sabuni, ulifunike kwa kitambaa safi.

DALILI ZA HATARI

Tua mzigo mara moja ukiona ganzi mkononi au vidoleni, mkono kuishiwa nguvu, au bega kuchomoza nyuma. Usiendelee kwa nguvu ya vidonge, wala usichanjwe chale. Njoo hospitali mapema. Nanyi mnaowasimamia vijana hao, msimcheke anayesema mkono umekufa ganzi. Mgawanyieni wenzake mzigo wake.

Wazazi, watoto wa shule nao wasisahauliwe. Begi la mtoto wa kilo 30 lisizidi kilo 3 au 4, na alivae kwa mikanda yote miwili. Na mahujaji wanaotembea kwa miguu wafuate mashauri haya haya.

Yule kijana alipona. Msimu uliofuata alikuja kutuaga mwezi Mei, shanta mgongoni, na ndani yake mahindi kilo 5. Mama yake ndiye aliyeyapima.

Mungu awabariki, na awarudishe salama wote wanaosafiri.