Kipanya Kisicho na Mkia: Namna ya Kuchagua Kifaa Kinachoufaa Mkono wa Mtafiti

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna ya kuchagua kipanya cha kompyuta kisichotumia waya, kwa kuzingatia hali ya watu wanaofanya kazi ya lugha katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema. Huenda msomaji akajiuliza kwa nini jarida la masomo ya Kiswahili lishughulike na jambo la fundi. Jibu ni kwamba Kingwana cha huku kimehifadhiwa zaidi vinywani mwa wazee kuliko vitabuni. Masimulizi yao yakisharekodiwa, huandikwa mbele ya kompyuta: sauti husimamishwa, hurudishwa nyuma, neno huchaguliwa na kusahihishwa, na mkono hurudia harakati zilezile mamia ya mara kwa siku. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuiacha kazi hiyo kwa wiki tatu kwa sababu ya ganzi ya vidole, baada ya kutumia kipanya kidogo mno alichokinunua kwa kuvutiwa na bei. Katika wiki hizo kanda zilibaki bila kuandikwa, na maneno ambayo yangehitaji kuulizwa kwa msimulizi yalibaki bila kuulizwa.

2. Jina na upatanisho wake

Kipanya cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1964 na Douglas Engelbart pamoja na Bill English katika Stanford Research Institute, Marekani. Kilikuwa kijisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili chini yake, na kilioneshwa hadharani mjini San Francisco tarehe 9 Desemba 1968. Waya wake ulifanana na mkia, na umbo hilo likakipatia jina la mnyama. Kiswahili kimefuata taswira hiyohiyo kwa neno kipanya. Wengine husema puku.

Kisarufi, neno hili lina faida ya kufundishia. Panya mdogo aliye hai huweza kuchukua upatanisho wa viumbe: kipanya huyu amekufa. Kifaa hufuata ngeli ya KI-VI: kipanya hiki kimeharibika. Leo mkia umekatika, lakini jina limebaki.

3. Kipimo cha mkono

Kigezo cha kwanza cha kuchagua ni ukubwa. Pima kutoka mstari wa kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, hadi ncha ya kidole cha kati. Kwa kawaida, mkono usiofikia sentimita 17 huhesabiwa kuwa mdogo, na unaozidi sentimita 19 au 20 huhesabiwa kuwa mkubwa. Kipanya kidogo kwa mkono mkubwa huwalazimisha vidole kujikunja. Kikubwa kwa mkono mdogo huvinyoosha kupita kiasi.

Kigezo cha pili ni mkao. Kifundo kikipindwa juu kwa muda mrefu, neva ipitayo katikati yake hugandamizwa zaidi. Neva hiyo ndiyo inayohudumia kidole gumba, cha shahada, cha kati na sehemu ya kidole cha pete. Ndiyo maana ganzi hutokea huko. Dukani, basi, shika kipanya huku kigasha kikilala juu ya meza. Kifundo kikibaki kimenyooka na kiganja kikapumzika mgongoni mwa kifaa, hilo ni dalili njema. Kuna pia vipanya vya wima, vinavyoshikwa kama mtu anayepeana mkono. Hupunguza kukigeuza kigasha, ila huhitaji siku kadhaa za kuvizoea. Atumiaye mkono wa kushoto atafute chenye pande mbili zinazolingana, kwani vingi vimechongwa kwa mkono wa kulia tu.

Hata kipanya bora hakiondoi haja ya kupumzika. Ganzi ikiendelea, hasa usiku, mganga wa hospitali ndiye wa kuulizwa.

4. Nguvu, mawasiliano na vumbi

Kipanya kisichotumia waya huhitaji nguvu yake chenyewe. Vipo vyenye betri ya ndani inayochajiwa, na vipo vinavyotumia betri ndogo za aina ya AA, zilezile za redio na kurunzi. Mahali ambapo umeme hutoka kwenye paneli ya jua au jenereta, aina ya pili ina faida: betri hupatikana sokoni, na kazi haisimami kwa kukosa jua.

Mawasiliano nayo ni ya namna mbili. Baadhi ya vipanya huja na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Vingine hutumia Bluetooth, ambayo lazima kompyuta iwe nayo. Kipokezi hupotea kwa urahisi. Chagua kipanya chenye nafasi ya kukihifadhi tumboni mwake, pamoja na swichi ya kuzima. Ukisafiri kwa pikipiki kutoka Kasongo kwenda Kabambare bila kukizima, mtikisiko huweza kukiamsha na kupunguza betri njiani.

Ganda la mpira laini hupendeza dukani, lakini joto na jasho hulifanya linate baada ya muda. Plastiki ngumu hudumu zaidi. Macho yaliyo chini ya kipanya husumbuliwa na vumbi, na hayaoni vizuri juu ya kioo. Kitambaa kikavu, na jalada la daftari lisilong'aa chini yake, vyatosha.

5. Hitimisho

Kwa muhtasari, tuanze na mkono, kisha mahali, na bei iwe ya mwisho. Huku kwetu si rahisi kukirudisha kifaa kwa mwuzaji aliye mbali. Kwa hiyo asiyeweza kukishika mwenyewe ampe anayemnunulia kipimo cha mkono wake kwa sentimita.