Kichanga na baridi ya Julai

Huku Chekereni, kwenye mashamba ya mpunga ya Lower Moshi, watu hulalamikia jua, mbu na zamu za maji ya mfereji. Baridi wanawaachia wa mlimani. Lakini Juni ikiingia, mawingu hulala juu ya Kilimanjaro kutwa nzima, na ikifika Julai usiku wa Moshi hushuka hadi karibu nyuzi 15. Tena zipo familia ambazo miezi hiyohiyo hupanda na kichanga kwa bibi, Kibosho, Old Moshi au Marangu, mama akanyweshwe mtori na kupumzishwa. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa nyuzi kama 6. Chekereni iko mita mia saba na ushee juu ya usawa wa bahari. Ukimfikisha mtoto kijiji cha mita 1,500, umemwongezea baridi ya nyuzi karibu 5. Mtu mzima atavaa sweta, yakaisha.

Kichanga hana uwezo wa kutetemeka kama sisi ili apate joto. Yeye huchoma mafuta maalumu ya rangi ya kahawia aliyozaliwa nayo shingoni, kati ya mabega na kuzunguka figo. Kazi hiyo hula oksijeni na sukari. Akipoa kwa muda mrefu, sukari mwilini hushuka, analegea, hanyonyi vizuri. Na asiponyonya anazidi kupoa. Mtoto njiti ana hali ngumu zaidi, maana amezaliwa kabla akiba hiyo haijajaa. Kipimajoto cha kwapani kinatakiwa kusoma nyuzi 36.5 hadi 37.5. Chini ya hapo mtoto ameshapoa, hata kama amelala kimya na wageni wanamsifu kwa upole.

Adui wa kwanza ni maji. Unyevu unapokauka kwenye ngozi huondoka na joto, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asiogeshwe mpaka zipite saa 24 tangu azaliwe. Baada ya hapo muogeshe mchana jua likiwa limechangamka, mkaushe kichwa kwanza, na nepi iliyolowa isingoje asubuhi. Adui mwingine haonekani: mwili hupoteza joto kuelekea ukuta wa tofali na bati lililopoa, hata bila kuvigusa. Sogeza kitanda mbali na ukuta na dirisha. Chandarua kibaki, baridi au si baridi. Mbu wa mifereji hawana likizo.

Sasa jiko la mkaa. Hapa sina lugha ya upole: lisiingie chumba cha kulala, hata kwa dakika chache za kupasha hewa. Wazee watasema kwamba wao walilelewa kando ya moto, na ni kweli. Msonge wa zamani wa Wachaga ulikuwa na mafiga ndani, ng'ombe na mbuzi wakiongeza joto lao, lakini paa lilikuwa la nyasi na hewa ilipenya. Hata hivyo moshi ule uliumiza mapafu. Chumba cha leo kina tofali, saruji, dari na madirisha ya vioo, na usiku wa baridi tunaziba hadi upenyo wa mlango. Mkaa ukishaiva na moshi kwisha, ndipo watu hudhani uko salama, kumbe bado unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, kaboni monoksaidi, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Waliolala hawaamki kuiwahi.

Joto salama analo mama. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na njiti wengi kuliko mashine za joto, akaanza kuwalaza vifuani mwa mama zao. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, matokeo yake yakatolewa 2021, ulionyesha kwamba kuanza njia hiyo ya kangaroo mara tu baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itulie, kulipunguza vifo vya watoto wadogo sana kwa robo. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, asimame kati ya maziwa ya mama, ngozi kwa ngozi, uso ukiwa pembeni na pua wazi. Funga khanga, kisha sweta juu. Baba naye ana kifua.

Mablanketi matano hayahitajiki. Mvalishe nguo moja zaidi ya unazovaa wewe, na usimfunike gubigubi usoni, kwani joto kupita kiasi nalo ni hatari usingizini. Usimpime kwa viganja na nyayo, ambavyo hupoa upesi. Gusa tumbo au mgongo. Tumbo likiwa la baridi, mweke kifuani mara moja na umnyonyeshe.

Akikataa kunyonya, akilia kwa sauti hafifu, akilegea, joto likishuka chini ya 35.5 au kufika 37.5 na zaidi, nendeni zahanati usiku huohuo, kwa kuwa kupoa kwa kichanga mara nyingine ni dalili ya maambukizi kwenye damu. Kama usafiri ni bodaboda, asibebwe mgongoni: akae kifuani ndani ya koti la mama, na dereva aende taratibu.