KOBE WA ALDABRA

Ziko merikebu za watalii zizungukazo visiwa vya Bahari ya Hindi, na baadhi hufika Aldabra, nchi ya Shelisheli. Huko wako kobe wakubwa zaidi ya 100,000. Visiwa vingi vya jirani kobe kama hao walikwisha, maana mabaharia wa zamani waliwapakia chomboni wawe kitoweo. Mwaka 1982 UNESCO iliitia Aldabra katika Urithi wa Dunia. Wageni hukaguliwa viatu na mifuko kabla ya kushuka, isiingie mbegu ngeni wala mdudu.

Nasi tulishike hilo. Wazee wetu waliiona mikarafuu ikinyauka ghafula. Basi mche usiojulikana ulikotoka tusiupande. Maradhi yakishaingia shambani, kuyatoa ni taabu.