Deni Lililo Mfukoni

Mwezi uliopita, nikiwa shambani napalilia, nilipigiwa simu na mtu nisiyemjua. Akanitajia jirani yangu, fundi seremala, akasema, "Mwambie alipe deni letu leo." Nikastaajabu, kwa maana sikuwa mdhamini wake, wala sikujua kwamba amekopa. Jioni nikamwuliza mbele ya mkewe na wanawe. Naye akainama asiseme neno. Hapo ndipo nilipokosa mimi, kwani yule wa simu alitaka aibu iyo hiyo, nami nikamfanyia kazi yake bila ujira.

Baadaye fundi alinieleza. Alikopa anunue mbao na gundi, kisha mwenye kuagiza meza akachelewa kuleta fedha. Kumbe alipoitia ile programu katika simu yake, aliiruhusu isome majina ya watu wote anaowajua. Ndivyo walivyonipata mimi, na mkwewe pia. Mkwewe! Hilo ndilo lililomwuma zaidi.

Kukopa kwa simu kulienea hapa Kenya baada ya M-Pesa kuanza mwaka 2007. Mwaka 2012 ikaja M-Shwari, iliyotoza asilimia 7.5 kwa siku 30. (Waliomkopesha fundi si hao.) Wengi husema, ni kidogo. Basi na tuhesabu. Shilingi 1,000 huzaa 75 kwa mwezi. Mtu akilipa na kukopa tena kila mwezi, mwaka ukiisha ametoa 900, na zile 1,000 angali anadaiwa.

Serikali haikunyamaza. Mwaka 2019 ilitungwa sheria ya kulinda habari za watu. Na mwaka 2021 Benki Kuu ikapewa mamlaka ya kuwapa leseni wakopeshaji hawa. Kanuni za mwaka 2022 zawakataza kuwasumbua jamaa na rafiki za mdaiwa kwa simu. Walakini fundi hakuzijua, wala mimi sikuzijua siku ile. Laiti ningalizijua, ningalimjibu yule mtu vingine.

Juzi nilikwenda tena kwa fundi, safari hii peke yangu, nikamwomba radhi. Tukaketi karakanani tukaandika barua ya mashtaka, yeye akisema na mimi nikiandika. Deni angali analo, na atalilipa. Mwenye meza ameahidi kuja Jumamosi. Meza ingali pale ukutani, imekwisha pigwa msasa.