Rupia za Mjerumani: Zijue kabla hujauza

Mkulima wa Dirma akibomoa nyumba ya babu yake na kukuta kopo lenye karatasi za Kijerumani, uvumi utamfikia kabla ya mnunuzi. Ataambiwa rupia ya Mjerumani ni mamilioni, na kwamba tajiri anasubiri mjini, ila kwanza atoe “pesa ya kuipimia”. Ndugu mkulima, ukisikia hivyo, funga mlango. Mnunuzi wa kweli hamtozi muuzaji.

Vita ilipoanza mwaka 1914, Waingereza waliziba bahari na noti za Ujerumani zikawa haba. Kuanzia 1915 hadi 1917 koloni ikajichapishia noti zake kwa karatasi yoyote iliyopatikana. Tafuta maneno “Interims-Banknote”, jina “Deutsch-Ostafrikanische Bank”, tarehe, na mahali: Daressalam au Tabora. Hazina picha ya mfalme. Noti za 1905, zilizochapwa Ujerumani, ni maridadi zaidi. Ile ya rupia 5 ina simba. Noti za mwisho, za mwaka 1917, zilipigwa porini kwa herufi za mpira, na ubovu wake usikutie shaka.

Noti ya rupia 1 ya wakati wa vita ilitolewa kwa wingi mno, hivyo usitarajie kununua trekta. Za thamani kubwa ni adimu, na bei hutegemea hali yake. Kwa hiyo usiipige pasi, usiioshe wala kuibandika gundi. Iweke katikati ya kitabu, mahali pakavu, mbali na mchwa.

Sarafu ndizo zinazoleta maafa. Mwaka 1916 karakana ya reli Tabora ilitengeneza rupia 15 za dhahabu zenye picha ya tembo, zaidi ya 16,000, kwa dhahabu ya Sekenke, Iramba. Karakana hiyo hiyo ilipiga pia heller 20 za shaba, zenye herufi T, na zikisuguliwa hung’aa kama dhahabu. Sumaku haitakusaidia, kwani haishiki dhahabu wala shaba. Nenda kwa sonara mwenye mizani: ya tembo ina gramu 7 na kidogo, na imeandikwa “15 Rupien”.

Hakuna benki inayobadilisha fedha hizi. Shilingi ya Afrika Mashariki ilichukua nafasi mwaka 1921. Anayekualika kuchimba “hazina ya Mjerumani” kwenye boma la zamani, mwulize kibali cha Mambo ya Kale kiko wapi.

Kabla ya kuuza, piga picha pande zote mbili na uulize bei kwa zaidi ya mtu mmoja.