Leza na Upepo wa Masaba

Kufikia saa nane mchana, upepo wa Ziwa Victoria huwa umeshaingia nchi kavu upande wa Busia. Hukutana na pepo za mashariki zitokazo Bahari ya Hindi, na kaskazini umesimama Mlima Elgon, ule ambao Wagisu huuita Masaba, wenye kimo cha mita 4,321. Hewa ikibanwa hivyo hupanda juu, na jioni radi husikika Tororo. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, ziwa hubaki na joto, na dhoruba hujijenga juu ya maji wakati wavuvi wa Majanji na Port Victoria wako kazini.

Rubani apitaye hapa ana rada puani mwa ndege, na rada huona matone ya mvua. Hewa kavu inayochafuka pembeni mwa wingu, au inayojiviringisha baada ya kuvuka mlima, haina matone, basi rada haionyeshi kitu. Msukosuko wa hewa ukija ghafla, huumiza. Tarehe 21 Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines, safari SQ321, ilitikiswa vikali ikiwa juu ya Myanmar. Waliokuwa hawajafunga mikanda walirushwa juu. Abiria mmoja alifariki na makumi wakajeruhiwa.

Leza huona pale rada isipoona. Kifaa chake, lida, hurusha mbele mipigo ya mwanga ambayo hugonga chembe zinazoelea hewani: vumbi la barabara za murram, moshi wa mkaa, unga wa saruji wa Tororo. Sehemu ndogo mno ya mwanga hurudi, na masafa yake huwa yamebadilika kidogo, kama honi ya lori la Malaba inavyokuwa kali likija na nzito likishapita. Kwa leza ya mikromita 1.5, upepo wa mita 1 kwa sekunde husogeza masafa kwa hezi milioni 1.3 hivi, kati ya hezi trilioni 200. Kulipima badiliko dogo kiasi hicho ni kazi ya kustaajabisha. Mwangwi kutoka kilomita 15 hurudi kwa sekunde 0.0001, ilhali ndege iendayo mita 250 kwa sekunde itafika hapo baada ya dakika nzima. Dakika hiyo inatosha abiria kuketi na kufunga mikanda.

Mwaka 2018, shirika la anga la Japani, JAXA, lilijaribu lida ya namna hiyo ndani ya Boeing 777. Ugumu uko juu sana, ambako chembe ni haba na mwangwi hufifia. Setilaiti ya Ulaya iitwayo Aeolus, iliyorushwa mwaka huohuo, ilitumia leza ya urujuanimno, ambayo hurudishwa hata na molekuli za hewa yenyewe.

Kwetu, Januari 2019 ndege ya utafiti kutoka Uingereza ilipima upepo wa Ziwa Victoria ikiwa angani, lakini kwa muda mfupi tu. Mimi ningeanzia ardhini. Uwanja wa ndege wa Hong Kong, uliobanwa kati ya bahari na milima, umetumia lida tangu 2002 kuwaonya marubani wanaotua. Kisumu ina ziwa, ina miinuko, na vumbi la kurudisha mwanga halikosekani. Kenya na Uganda zinunue lida moja kwa pamoja, na vipimo vyake viwafikie marubani na wavuvi siku hiyohiyo.