Kwato za Mbuzi na Tope la Masika

Ndugu mkulima, kila mnyama ana mguu wa kwao. Tembo wa Mikumi, nyayo zake zina mto wa mafuta ndani, ndiyo maana hupita bila kishindo. Kiboko ana vidole vinne vinavyotanuka, hazami ovyo topeni. Mbuzi je? Asili yake milimani: kwato hukua siku zote, mawe huzisaga. Wewe wa Kilosa unamfuga kwenye udongo laini wa bonde la Mkondoa, nani atamsagia? Kwato zikirefuka hukunjika, hushika tope, huoza. Mbuzi huchechemea, hukonda. Basi zikague kila mwezi. Punguza kidogo kidogo kwa kisu kikali. Ukiona rangi ya waridi, acha hapo hapo. Na banda liwe kavu, lililoinuliwa.